Kamba Iliyokaza Upande wa Fundi

Tarehe 4 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Ninakuandikia barua hii kukuarifu kwamba nimechaguliwa kuwa mjumbe wa bodi ya wadhamini wa Nyumba ya Wazee Wasioona, bodi ile ile uliyoitumikia kwa miaka kumi na mmoja, na kukuomba unifundishe kazi hiyo kabla sijaiharibu. Nimeliweka jambo hili mwanzoni kwa kuwa Mama anasema wewe husoma mistari miwili ya kwanza ya barua, ukaiweka chini, ukaenda kutafuta miwani.

Hapa nyumbani hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu; sasa anapanda ngazi bila kushika ukuta, ila akijua tunamtazama hushika. Kaka ameajiriwa kwenye karakana ya majokofu na amekuwa mtu wa kuzungumzia gesi hata wakati wa kula. Mkaza mjomba na wajukuu tunawasalimu sana. Tungekupigia simu, lakini Mama anasema tangu mashine ya kuchanganya zege ikuharibie masikio, simu na wewe ni kupigiana kelele tu. Basi nimeshika kalamu.

Naomba nieleze bila kuficha kwa nini nimeikubali kazi isiyo na mshahara. Tangu nihitimu shahada ya utawala nimetuma maombi ya kazi ishirini na matatu, na kila ofisi imeniuliza uzoefu, kana kwamba uzoefu huuzwa dukani. Mwenyekiti wetu, yule mwalimu mkuu mstaafu unayemfahamu, ameniahidi kwamba nikijituma ataniandikia barua ya mapendekezo, na barua yake hufungua milango. Aidha nitajifunza kuendesha vikao na kuandika mihutasari, na nitakaa meza moja na daktari, mwanasheria na mfanyabiashara wa mbao. Nimekubali pia kuwa katibu. Sijawahi kupewa dhamana kubwa kama hii.

Nikiri kwamba jina lako ndilo lililonibeba. Jengo la kaskazini, ulilolijenga kwa mikono yako bila kudai chochote, mpaka leo linaitwa Upande wa Fundi. Nilipotambulishwa kuwa mpwa wa Fundi, wazee walipiga makofi. Nilitembezwa kwenye korido yake ndefu, nikaonyeshwa kamba ya katani inayoanzia kwenye pete ya chuma mlangoni mwa ukumbi wa chakula, ikapita kwenye vishikizo vya ukutani, ikaishia kwenye pete nyingine iliyopigiliwa ukuta wa mwisho. Wakazi ishirini na wawili huifuata kwa mkono. Fundo moja ni chumba cha kwanza cha wanaume, mawili ni bafu, na kuendelea hivyo hadi mafundo matano, chumba cha mwisho cha wanawake. Anayeyafunga ni bibi mmoja aliyekuwa fundi cherehani kabla hajapoteza uwezo wa kuona. Wenzake humwita Bibi Mafundo.

Nina swali moja. Nimesoma kitabu cha mihutasari tangu mwanzo. Jina lako limo katika kila kikao, kisha linakatika katikati ya muhula, bila barua ya kujiuzulu wala neno la kuagwa. Mwenyekiti anasema ni masikio. Ni kweli?

Mpwa wako mtiifu.

*

Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu, msomi wetu,

Marahaba. Barua yako ilifika imekunjwa mara nne kama shati la mwanafunzi wa bweni. Mistari miwili ya kwanza niliisoma, nikaenda kutafuta miwani. Mwambie dada yangu ulimi wake bado ni ule ule.

Sisi ni wazima. Mkaza mjomba wako amenunua kuku sita na sasa ananiuliza mimi habari zao, kana kwamba mimi ndiye niliyewatuma wasitage. Mjukuu wa pili ameanza shule. Jana aliniandikia jina langu akakosea, nikamwambia amepatia.

Hongera kwa uteuzi. Umeniomba nikufundishe. Mdhamini si mfanyakazi wa nyumba ile, wala si mgeni wake. Hapiki, hafagii, na pia hapaswi kuja kunywa chai na kusifu mapazia. Kazi yake ni kuuliza lile swali ambalo wote mezani wanaona haya kuliuliza, kisha asubiri jibu hata kama watu wameanza kutazama saa zao. Ukiweza hilo, mengine ni mwandiko mzuri tu, na wewe unao.

Umeandika habari za faida utakazopata. Malipo yapo, mpwa wangu, tena makubwa kuliko hayo uliyoyataja, na hayo ndiyo ujihadhari nayo. Tumikia mwaka mmoja, pokea barua yako ya mapendekezo, uondoke kwa amani.

Kuhusu kitabu cha mihutasari, vitabu vya zamani hupotea kurasa.

Chumba cha mwisho bado kinalaliwa? Nilidhani wangekigeuza stoo.

Mjomba wako.

*

Tarehe 16 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kuku wameanza kutaga na wewe umefutiwa mashtaka. Mama amepokea salamu zako, akacheka, kisha akasema ulimi wake ameurithi kwa kaka yake.

Nina furaha kukuarifu kwamba nimetimiza jambo langu la kwanza. Katika ziara yangu ya pili wakazi walilalamika kwamba kamba ya korido imekaza mno, inawaumiza viganja na haishikiki vizuri. Lalamiko hilo limo katika mihutasari ya miaka miwili iliyopita, limeandikwa na kuahirishwa mara tano. Mimi sikuliahirisha. Nilimwomba mtunza nyumba aifungue kamba kwenye pete ya ukuta wa mwisho na kuifunga upya, akaacha ulegevu wa upana wa kiganja. Kazi ya dakika kumi. Kwenye kikao niliandika: "Lalamiko la kamba limetatuliwa." Wajumbe walinipigia makofi, naye Mwenyekiti akasema kwamba damu ya Fundi haijapotea. Baada ya kikao aliniambia ameanza kuandaa ile barua.

Siku hizo hizo seremala aliitwa kuchonga mlango wa chumba cha mwisho, maana unakwaruza sakafu. Ni mara ya pili mwaka huu. Mbao hujaa unyevu, alisema.

Ndiyo, chumba hicho kinalaliwa. Wamo wanawake wanne, pamoja na Bibi Mafundo, ambaye kitanda chake kiko chini kabisa ya ukuta wa kona, mwendelezo wa ule wenye pete. Kwa nini unauliza? Na sikulipata jibu la swali langu la awali. Naamini lilikuponyoka tu.

Mpwa wako.

*

Tarehe 9 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Tu wazima. Nisamehe kwa ufupi.

Nimekuandikia barua mbili kabla ya hii nikazichana. Fanya ninayokuambia. Tafuta uzi mrefu, ufunge jiwe dogo, umwombe mtunza nyumba apande ngazi aushushe kutoka juu ya ukuta wa kona, upande wa nje. Sisi mafundi tunaita timazi. Jiwe likitulia, pima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya uzi na ukuta pale chini. Andika tarehe. Baada ya siku kumi pima tena mahali pale pale.

Kisha usogeze kitanda cha yule bibi. Sema unataka mwanga zaidi, sema unataka kupiga deki, sema lolote.

Usiniulize kwa nini. Usimwambie mtu kwamba nimekwambia.

Mjomba wako.

*

Tarehe 30 Aprili

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, Kaka hajambo. Naona mwandiko ulionisifia umeniacha.

Tarehe 16 uzi ulikuwa vidole viwili kutoka kwenye ukuta. Tarehe 26 ulikuwa vidole vitatu. Nilipima mara nne nikidhani nimekosea. Nilimwita mtunza nyumba apime kwa vidole vyake, ambavyo ni vinene kuliko vyangu, naye akapata viwili na nusu, akanitazama, akashuka ngazi. Kitanda cha Bibi Mafundo tulikisogeza, nikisingizia mwanga.

Na kamba imekaza tena. Ule ulegevu wa kiganja umekwisha wote.

Kuna jambo sikukuandikia Machi, kwa sababu liliniaibisha hata kabla sijalielewa. Nilipokuwa nikisimamia kamba ilegezwe, Bibi Mafundo alikuja akaushika mkono wangu. Aliniambia, "Mwanangu, kamba yangu haina kosa. Ukuta ndio unaoondoka." Nilicheka. Nililisimulia kikaoni kama kichekesho, wote wakacheka, na ndipo nikapigiwa makofi. Mjomba, watu wale hawaoni, lakini kwa miaka miwili walikuwa wakituambia kwa viganja vyao kwamba jengo linawakimbia, nasi tukawalegezea kamba. Tukachonga mlango. Mimi nikaandika kwa wino kwamba jambo limetatuliwa.

Juzi mchana nilikaa chumbani humo. Wanawake walikuwa wakizungumza habari za mwenzao anayekoroma, wakitaniana, kisha wote wanne wakanyamaza kwa pamoja. Sikujua walichosikia. Mmoja akanong'ona, "Huyo." Nilitega sikio, na baada ya muda nikasikia mchanga ukimiminika ndani ya ukuta, taratibu, kama mtu anayechekecha unga chumba cha pili. Ulimiminika nikihesabu hadi kumi na tisa. Kisha ukakoma, nao wakarudi kwenye habari za kukoroma.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti siku hiyo hiyo. Alinikaribisha sebuleni kwake, ambako vyeti vya wanafunzi wake wa zamani vimejaa ukutani, akanisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Aliniambia kwamba nikilitamka neno ukuta mbele ya watu wa nje, nyumba itafungwa, na nyumba ikifungwa wazee wale watarudishwa kwa ndugu waliowaacha langoni, tena baadhi waliachwa bila hata sanduku. Aliniuliza nimeandaa wapi pa kuwalaza. Kisha akasema maneno ambayo siku mbili hizi sijapata usingizi kwa ajili yake.

"Jengo lile alilijenga mjomba wako, bila kulipwa, kwa moyo wake wote. Unataka kuniambia Fundi hakujua kujenga?"

Mjomba, nakuuliza kwa heshima zote. Chini ya kona ile kuna nini?

Mpwa wako.

*

Tarehe 24 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sijapokea jibu. Mama anasema huenda barua imepotea, nami nimemwacha aamini hivyo. Anauliza kama unaumwa. Kama unaumwa, samahani kwa barua hii.

Mvua imenyesha wiki mbili. Uzi sasa ni vidole vitano. Pete ya ukuta wa mwisho imeng'oka na kipande cha lipu. Nyuma yake kuna ufa uliozibwa zamani kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake, ukapakwa rangi juu.

Nimefanya jambo bila idhini ya bodi. Jumatatu iliyopita, mimi na mtunza nyumba tuliwahamishia wanawake wanne kwenye ukumbi wa chakula, vitanda na vyote. Nilidhani watanishukuru. Ukumbini hakuna kamba, na asubuhi yake Bibi Mafundo alijigonga paji la uso kwenye ncha ya meza. Alishonwa nyuzi tatu. Alinieleza kwa upole kwamba kule alikuwa anajua atakufa mahali gani, lakini hapa hajui hata mlango ulipo. Nimelala na maneno hayo kila siku.

Wengine kumi na wanane bado wamo Upande wa Fundi. Nimeomba kwa maandishi watolewe wote na aitwe mkaguzi wa majengo wa manispaa. Mwenyekiti ameitisha kikao Jumamosi tarehe 14 Juni, saa tatu asubuhi. Ajenda ya tatu inasomeka: "Mwenendo wa mjumbe mpya." Mimi ndiye katibu, hivyo niliichapa mwenyewe. Barua ya mapendekezo imesimamishwa, na nafasi ya kazi niliyoiomba, ya kwanza kunijibu katika zile ishirini na tatu, inafungwa tarehe 20.

Watanishinda. Daktari anasema mimi ni kijana nina haraka. Mwanasheria anasema sina sifa ya kitaalamu ya kuzungumzia ukuta, na hapo yuko sahihi. Ninachokijua ni kile ulichonifundisha cha uzi na jiwe, na umeniamuru nisiseme kwamba ni wewe.

Kila nikilala naona paa likishuka juu ya watu wasioona linakotokea. Nakuogopa wewe pia sasa, Mjomba, na sijawahi kukuogopa.

Mpwa wako.

*

Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Siumwi. Barua yako ya Aprili ilifika tarehe 8 Mei. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro, nikawa namjibu mkaza mjomba wako kwamba posta siku hizi imekuwa mbovu. Jana aliipata akitandika. Hakunigombeza. Aliniwekea karatasi na kalamu mezani, akatoka akakaa nje na kuku wake.

Kuna kisima. Kilikuwepo kabla ya nyumba, kirefu, mdomo wake mpana kama meza ya kulia chakula. Tulikipata tukichimba msingi, na kona iliangukia katikati yake. Fundi yeyote angefanya moja kati ya mawili: kulisogeza jengo hatua sita, au kumwaga boriti nzito ya zege kutoka ukingo hadi ukingo. Siku ya ufunguzi ilikuwa imekwisha tangazwa, wazee walikuwa wamelala chini ya turubai miezi mitatu, na kila asubuhi walikuwa wakiniuliza, Fundi, lini? Nilikijaza kwa kifusi, udongo na magogo ya miti tuliyoikata uwanjani. Magogo, mpwa wangu. Mti ukikaa chini huoza, ukioza huacha nafasi tupu. Nilijua hilo tangu nikiwa kibarua.

Kikaoni Mwenyekiti aliuliza kama msingi uko sawa. Nikajibu uko sawa. Hakuna aliyekuja kukagua, kwa kuwa mjenzi alikuwa mdhamini, na mdhamini aliyepewa kusimamia ujenzi alikuwa mimi. Nilijisimamia mwenyewe nikajipitisha. Mwenyekiti hakudanganya, naye hakujua. Amekuwa akiniamini miaka yote hii.

Ufa wa kwanza niliuona mwaka wa tatu. Nilikwenda siku wakiwa wamekusanyika kwa chakula, nikauziba, nikapaka rangi, nikanawa mikono nikaenda kula nao. Walinipakulia sahani yangu kabla sijaketi. Muhula huo ndio nilioacha, nikahamia huku kwa mwanangu. Masikio yalikuwa kisingizio kizuri.

Nilikwambia kuna malipo ya kujihadhari nayo. Nilikuwa nikiingia getini, kabla sijafungua mdomo, wao wananitambua kwa viatu vyangu. "Fundi huyo amekuja." Vicheko, viti vinasogezwa, kila mtu anataka nimshike mkono. Nimejenga majumba ya matajiri, nikalipwa, na hakuna aliyenijua kwa mwendo. Malipo hayo niliyapenda kupita kiasi. Kusema ukweli kungeniondolea. Nikachagua kuwaacha wakinipenda chini ya ukuta ule. Wewe walikupigia makofi siku ya kamba, basi nadhani unaelewa ninachosema, japo wewe ilikuchukua miezi miwili kuyaacha, na mimi imenichukua miaka minane.

Watoe watu wote. Usisubiri tarehe 14. Onyesha barua hii kwa yeyote.

Mjomba wako.

*

Tarehe 8 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika, na hii naituma kwa dereva wa basi badala ya posta, ikufikie kabla ya Jumatano. Mama ni mzima. Sijamwonyesha. Nilimwambia una mafua.

Nilipoisoma nilikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti nikampa aisome mwenyewe. Alisoma amesimama. Akaketi, akavua miwani, akaomba maji. Alisema jambo moja tu: shule yake ya zamani ina vitanda vya ziada ghalani. Jioni, kabla ya giza kuingia, wote kumi na wanane walikuwa wametoka, wanaume kwenye madarasa mawili tuliyoazimwa na shule hiyo, iliyo likizoni, wanawake ukumbini pamoja na wenzao. Mwenyekiti alibeba magodoro kwa mikono yake. Hakunisemesha, na sijui kama atanisamehe. Ajenda ya tatu haijafutwa.

Ukuta bado umesimama. Usifikiri nimetulia. Mkaguzi wa manispaa alikuja Alhamisi, akapima kwa chombo chake, akafunga utepe mwekundu kuuzunguka upande wote. Hatusemi kwa sauti tukiwa karibu na pale. Jana kigae kimoja kilianguka ndani, tukasikia sote. Swali la Mwenyekiti pia limebaki pale pale. Mkaguzi anaweza kuandika kwamba ibomolewe kona tu, na anaweza kuifunga nyumba nzima, na hapo sina pa kuwapeleka watu ishirini na wawili baada ya shule kufunguliwa.

Anasema yote yanategemea kujua kisima kina kina gani, kina upana gani, na kimejazwa nini. Atahudhuria kikao cha Jumamosi. Anataka maelezo ya aliyejenga, kwa mdomo wake au kwa maandishi yenye sahihi. Nimemuuliza bila kutaja jina ni nini kinaweza kumpata mtu huyo. Alisema hajui, si kazi yake kujua, lakini taarifa yake ataifikisha kunakohusika. Sitaki uje ukidhani ni kikao cha chai.

Kwa hiyo nakuachia uamuzi. Ukishindwa kuja, nitaisoma barua yako mbele yao mimi mwenyewe, kwa sauti, hadi mwisho. Wakazi nao wameomba wawepo. Bado hawajui kosa ni la nani.

Leo asubuhi niliingia ukumbini, sijasema neno, Bibi Mafundo akageuza uso wenye kovu la nyuzi tatu akasema, "Katibu amekuja. Leo amevaa viatu vigumu." Wote wakacheka. Mjomba, ilinipendeza mno, na papo hapo nikaogopa. Nilitoka nje nikasimama kidogo, kisha nikarudi nikawaambia kwamba mimi ndiye niliyelegeza kamba na kuwacheka. Hawajaniambia lolote mpaka sasa.

Mpwa wako.

*

Tarehe 11 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Basi lako lilifika na dereva akanikabidhi mkononi, akadai soda.

Usiisome barua yangu kikaoni. Nimechora mchoro wa kisima, vipimo vyote, kwenye karatasi ya daftari la mjukuu. Ninaweza kuonyesha kwa mguu ukingo ulipo. Mkaza mjomba wako amenifungia nguo za wiki mbili, nami sikumuuliza kwa nini mbili.

Mwambie dada yangu ukweli kabla sijafika. Mimi sitaweza kumwambia mtu mwingine baada ya wazee wale.

Wakazi nitawaambia mimi, kabla ya bodi na kabla ya mkaguzi. Usinitambulishe. Nikiingia na wakinitambua, waache wamalize kufurahi, kisha nitasema.

Naogopa, mwanangu. Tafadhali uwe mlangoni.

Basi linaingia saa moja. Tukutane Jumamosi tarehe 14 Juni, saa mbili na nusu asubuhi, getini.

Mjomba wako.